Pampu Mbili, Pua Moja

Ilikuwa Ramadhani ya kumi na sita, saa nne na nusu usiku, nami nimeinama juu ya shimo la pampu namulika tochi kutafuta maji. Maji yalikuwapo, lakini chini mno, meusi, na juu yake pametanda mifuko ya plastiki na mwani kama mafuta yaliyoganda juu ya mchuzi wa jana. Nyuma yangu kompresa ya amonia ilikuwa imeshaanza kutoa ile sauti ambayo kila aliyefanya kazi kiwanda cha barafu anaijua hata usingizini.

Kiwanda chenyewe sikitaji. Kilikuwa kando ya mkono wa bahari hapahapa Mombasa, kikitengeneza mabonge ya barafu ya wavuvi na wachuuzi wa samaki, na baadhi ya wenyewe wangali hai na tunasalimiana msikitini. Yatosha kusema ilikuwa zamani kidogo, kabla ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Agosti 2017, na mimi nilikuwa fundi wa zamu ya usiku.

Kazi ya kiwanda cha barafu, kinyume na wanavyodhani watu, si kutengeneza baridi. Ni kuhamisha joto. Amonia inalichukua joto kwenye maji unayotaka yagande, halafu ni lazima ilitue mahali. Sisi tulilitua baharini. Pampu inavuta maji ya chumvi, yanapita ndani ya mabomba ya kondensa, yanarudi baharini yakiwa na uvuguvugu kidogo. Maji yakikatika, joto halina pa kwenda. Presha ya amonia inapanda, inapanda, na mwisho valvu ya usalama inafunguka na kuimwaga hewani. Hapo mtaa mzima unakohoa na kutokwa machozi, na kesho yake unaitwa ofisini.

Pampu zilikuwa mbili. Ukutani palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba Nambari 1 ikikwama, washa Nambari 2. Nambari 1 ilikuwa inasaga kama imemeza kokoto, sauti ya pampu inayovuta hewa badala ya maji. Nikaizima, nikawasha Nambari 2. Ikavuta pumzi mbili, kisha nayo ikaanza kusaga kokoto vilevile.

Nilichukua kama dakika nzima kuelewa, na dakika ile sijaisahau. Pampu zote mbili zilivuta kwa bomba moja, kupitia chujio moja, kutoka shimo moja. Siku zote bomba lile huwa chini kabisa ya maji, kwa hiyo hakuna aliyelifikiria. Lakini ule ulikuwa usiku wa bamvua, mwezi mpevu, na bamvua ya Mombasa inaweza kuyateremsha maji karibu mita nne kutoka pale yalipojaa. Takataka zote zilizokuwa zikielea juu juu zikajikuta mlangoni mwa bomba.

Mzee wa zamu alikuja kutoka tarawehe, kandambili mkononi, akatazama shimo, akatazama pampu. "Pampu mbili, pua moja," akasema. "Na pua imeziba. Zima kompresa."

Nikazima. Tukashuka kwa kamba, tukalitoa chujio, tukalikumba kwa mikono. Dakika arobaini, labda zaidi. Valvu haikufunguka, mtaa haukukohoa, na waliokuwa wakinywa uji majumbani mwao hawakujua kitu.

Nimeikumbuka sana habari hii kwa sababu ya shemeji yangu.

Shemeji, kaka wa mke wangu, ni mvuvi wa Uyombo kule Kilifi, karibu na pale mkono wa Mida unapofungukia bahari ya Watamu. Kijiji chake kilipata umaarufu ambao hakikuuomba, pale shirika la serikali la nishati ya nyuklia, NuPEA, lilipokitaja kuwa mahali pa kinu cha kwanza cha nyuklia nchini, cha megawati 1,000. Mwaka 2024 watu waliandamana. Mwaka 2025 upepo ukageuka, wakubwa wakaanza kuitaja Siaya, huko kwenye Ziwa Victoria. Shemeji haamini kuwa mambo yamekwisha. Anasema upepo uliogeuka mara moja unajua njia ya kurudi.

Alikuja mjini kununua nyuzi za nyavu, akalala kwetu, na baada ya isha tukakaa barazani na birika la kahawa.

"Shemeji," akasema, "wewe umezeeka na mapampu. Nambie kweli. Kile kitu kinalipuka kama bomu?"

"Hakilipuki kama bomu," nikamwambia. "Kinachemka."

Alinitazama kama niliyemtania. Lakini hilo ndilo jibu, na makala haya yote ni kujaribu kulieleza vizuri kuliko nilivyolieleza usiku ule, maana kahawa ilikuwa tungu na majirani walikuwa wakitukatiza.

Kinu cha nyuklia ni birika kubwa. Uraniamu inatoa joto, joto linachemsha maji, mvuke unazungusha tabaini, tabaini inazungusha jenereta. Hakuna uchawi zaidi ya huo. Na kama birika lolote, sehemu kubwa ya moto inapotea bure: kinu kinachotoa megawati 1,000 za umeme hutengeneza karibu megawati 3,000 za joto, na zile 2,000 zilizobaki lazima zitupwe mahali. Ndiyo maana vinu vingi hujengwa kando ya bahari, ziwa au mto mkubwa. Wahandisi hawafuati mandhari.

Ukitaka kuzitupa megawati 2,000 baharini huku maji yakipanda joto kwa nyuzi 10 tu, unahitaji kama mita za ujazo 50 za maji kila sekunde. Kwa lugha ya mtaani kwetu, ni mitungi 2,500 ya lita ishirini. Kila sekunde. Na sisi hapa maji ya kuoga tunauziwa kwa mkokoteni! Koeberg, kinu pekee cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi barani Afrika, kilichoanza mwaka 1984 kaskazini ya Cape Town, huvuta kama tani 80 za Atlantiki kila sekunde kwa riakta zake mbili, yaani yale matanuri yenyewe ya uraniamu.

Haya ndiyo maji ambayo watu wa Uyombo walikuwa wakiyagombea, na wana haki. Maji yakivutwa kwa wingi huo huvutwa pamoja na mayai ya samaki na vifaranga vyake. Hutiwa klorini ili chaza na kome wasigande ndani ya mabomba. Hurudi baharini na joto. Nasi tumeshaona joto linavyofanya matumbawe: mwaka 1998, bahari ilipopata homa ya El Niño, miamba yetu kutoka Kiunga hadi Shimoni iligeuka meupe na sehemu kubwa ikafa. Shemeji anaukumbuka mwaka ule kwa jina moja tu, mwaka wa mifupa.

Lakini maji haya mengi, na hapa ndipo nilipomwomba shemeji aweke kikombe chini, si yale yanayouokoa mji. Haya ni maji ya biashara. Yakikatika, kinu kinaacha kuuza umeme, basi. Kuna maji mengine, machache, ambayo hakuna anayeyaandamania kwa sababu hakuna aliyeambiwa kuwa yapo.

Usiku ule wa Ramadhani, nilipozima kompresa, hatari ilikwisha. Hilo ndilo lililonipa dakika arobaini za kukumba takataka. Kinu cha nyuklia hakikupi hizo dakika, kwa sababu hakizimiki. Unaweza kuzishusha fimbo za kuzuia na ule mpasuko wa atomu ukakoma ndani ya sekunde chache. Umezima. Lakini vipande vya atomu zilizokwisha pasuka vinaendelea kutoa joto vyenyewe, na hakuna swichi duniani ya kuviamuru vinyamaze.

Mke wangu akipika wali, anatoa moto chini na kupalia makaa juu ya kifuniko, wali unajivivia taratibu. Akiona unataka kuungua anayaondoa makaa. Sasa fikiria makaa yamo ndani ya sufuria, katikati ya wali, na hayatoki. Ondoa jiko, mwaga maji juu ya moto, funga nyumba uende zako: sufuria inaendelea. Njia pekee ni kuendelea kutia maji mpaka makaa yachoke yenyewe.

Kwa riakta ya megawati 3,000 za joto, mara tu baada ya kuizima bado kuna kama 200. Baada ya saa moja, kama 40. Baada ya siku nzima, 15 hivi. Unaona inavyoshuka haraka, na ukipenda unaweza kujifariji. Lakini megawati 15 hukausha kama tani 20 za maji kila saa, yaani mitungi 1,000, mikokoteni isiyopungua hamsini, saa baada ya saa, usiku na mchana. Maji yakiisha, fimbo za uraniamu zinabaki kavu. Zinapopata joto sana, maganda yake ya zirkoniamu yanakorofishana na mvuke na kutoa haidrojeni, na haidrojeni ndiyo inayolipuka. Kwa hiyo shemeji hakukosea sana. Mlipuko upo, ila mwanzo wake ni kiu.

Tena maji hayo ya kuokoa hayamwagwi tu. Hayaruhusiwi hata kukutana na maji ya ndani. Watu wengi hudhani bahari inapita ndani ya riakta na kurudi na sumu yake. La. Unapopoza uji wa mtoto, unaweka bakuli ndani ya beseni la maji. Uji unapoa, maji ya beseni yanapata joto, na tone la uji halitoki. Kwenye kinu beseni liko ndani ya beseni: maji yanayogusa uraniamu yana mzunguko wao uliofungwa, yanalipokeza joto kwa maji mengine safi yenye mzunguko wake, na hayo ndiyo yanayolikabidhi kwa maji ya bahari, kupitia kuta za chuma. Mzunguko wa katikati upo kusudi bomba likitoboka, kilichovuja kionekane kabla hakijafika kwa samaki. Ni mpango mzuri, wa watu waliofikiri. Lakini mabeseni yote yanategemea kwamba mwisho wa msururu kuna pampu ndogo, kando ya bahari, inazunguka.

Kwa hiyo yote yaliyobaki ni habari za pampu, na hapo ndipo mimi fundi wa barafu nilipoanza kujiona mtu wa maana.

Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko la ukubwa wa 9.0 liliipiga Japani. Kule Fukushima Daiichi riakta tatu zilizokuwa zikifanya kazi zilijizima kama zilivyotakiwa. Nguzo za umeme zilianguka, jenereta za dharura zikawaka kama zilivyotakiwa. Chini ya saa moja baadaye likaja wimbi la kama mita 14. Pampu za maji ya bahari zilikuwa mita nne tu juu ya usawa wa bahari, pale chini gatini. Zikaenda. Jenereta na maswichi ya umeme nyingi ziliwekwa kwenye vyumba vya chini ya ardhi, vikajaa maji. Walikuwa na jenereta zaidi ya kumi, karatasi ya ukutani ilikuwa nzuri kuliko yetu. Iliyobaki ikifanya kazi ni moja, ya riakta nambari 6, iliyokuwa inapozwa kwa hewa na haikuhitaji bahari, na hiyo moja ikazisaidia nambari 5 na 6 kupona. Nambari 1, 2 na 3 ziliyeyuka.

Jenereta zaidi ya kumi, nyingi vyumba vya chini, wimbi moja. Pampu mbili, pua moja. Wahandisi wana jina refu la jambo hili, lakini mzee wa zamu alilisema kwa maneno manne.

Sasa habari ambayo watu wengi hawaijui. Kaskazini zaidi, karibu na kitovu cha tetemeko kuliko Fukushima, kulikuwa na kinu kingine, Onagawa. Wimbi la huko lilikuwa kama mita 13. Lakini kinu kilijengwa juu ya ardhi ya mita 14.8, kwa sababu mhandisi mmoja aitwaye Yanosuke Hirai alishikilia, miaka mingi kabla, kwamba wenzake walitaka kujenga chini mno. Na si urefu tu alioung'ang'ania. Aliwaambia pia kwamba kabla ya tsunami kupanda, bahari hurudi nyuma, na bomba la kuvutia maji litabaki likifyonza hewa. Kwa hiyo wakajenga mfereji unaohifadhi maji hata bahari ikikimbia. Hirai alifariki mwaka 1986, robo karne kabla ya wimbi lenyewe. Siku ilipofika, kinu kikapona, na wanakijiji waliopoteza nyumba wakakimbilia humohumo ndani ya kinu kujisitiri.

Niliposoma habari ya ule mfereji nilisimama, nikazunguka chumba. Mtu mmoja Japani alifikiria maji kupwa. Sisi tuliokaa na bamvua maisha yetu yote, tunaojua siku yake kwa kuutazama mwezi tu, hatukulifikiria bomba.

Kinu cha tatu cha pwani ileile, Fukushima Daini, kilipoteza pampu za bahari za riakta tatu kati ya nne. Lakini kilibakiwa na waya mmoja wa umeme kutoka nje. Wafanyakazi kama 200 wakaburuta kebo za kama kilomita 9, kwa mikono, kwa siku moja hivi, kuunganisha mota mpya kabla joto halijawashinda. Kebo zile ni nene na nzito. Waliowahi kubeba kebo ya mota kubwa wanajua mabega yanavyosema. Nakiri hapa nina upendeleo. Katika mkasa wote ule, hawa ndio ninaowafikiria zaidi.

Tsunami kwetu si hadithi ya Wajapani. Jumapili ya 26 Desemba 2004 nilikuwa kazini. Polisi walikuwa wakiwatoa watu ufukweni, na sisi kwenye shimo la pampu tuliona maji yakipanda na kushuka kwa dakika, si kwa saa, kama bahari inahema. Hapa Kenya alikufa mtu mmoja, Malindi. Somalia walikufa karibu 300. Siku ileile, upande wa pili wa bahari hii yetu, kwenye kinu cha Kalpakkam, India, maji yaliingia kwenye jumba la pampu. Riakta iliyokuwa ikifanya kazi ikazimwa salama, maana majengo yenyewe yalikuwa juu ya kutosha. Bahari ni moja.

"Basi wakijenga juu, imekwisha?" shemeji akauliza.

Haijaisha. Bahari haihitaji wimbi ili ikuzibe pua. Mwaka 2013 kinu cha Oskarshamn, Uswidi, kilizima riakta yake kubwa kwa sababu ya konyeza, wale wadudu wa bahari kama ute ambao wengine tunawaita yavuyavu. Torness, Uskochi, ilipata hayohayo mwaka 2011. Agosti 2025 konyeza walizimisha riakta nne za Gravelines, Ufaransa. Mwezi Desemba 2009, palepale Ufaransa, majani ya mto Rhône yaliziba mlango wa maji wa kinu cha Cruas, na riakta moja ikakosa maji yake ya usalama kwa saa kadhaa. Ikapona kwa sababu palikuwa na matangi ya akiba. Hakuna aliyekufa katika mikasa hii, wala tone halikuvuja. Lakini ona ni nani waliovishinda vyuma vya mabilioni: ute na majani.

Na hao wa Siaya, gugumaji lao je? Ziwa limekuwa likiviringisha mkeka ule wa kijani tangu miaka ya tisini, leo bandari ya Kisumu, kesho ghuba nyingine. Ningekuwa mimi, swali langu la kwanza lingekuwa hilo, kabla hata ya kuuliza bei ya umeme.

Kuna pia joto la maji yenyewe, ambalo sisi tunalichukulia kama la Mungu tu. Agosti 2012 kinu cha Millstone huko Connecticut, Marekani, kilizima riakta moja siku kadhaa kwa sababu maji ya bahari yalipita kikomo kilichoandikwa kwenye leseni, nyuzi 24 hivi. Ishirini na nne! Shemeji alicheka mpaka kahawa ikampalia. Sisi hata kusi ikivuma mwezi wa nane bahari yetu haishuki sana chini ya 25, na mwezi Machi, kaskazi ikiishia, ni 29 au 30. Hii haina maana kuwa haiwezekani. Imarati walijenga Barakah kwenye Ghuba, maji ya moto kuliko yetu, riakta nne, wakaweka pampu na vibadilisha joto vikubwa zaidi. Maana yake ni kwamba mchoro wa nchi ya baridi haubebwi ukaja kutuliwa Uyombo kama ulivyo, na anayesema unabebeka ndiye wa kuogopwa.

Umeme ndio uliomfanya shemeji anyamaze. Pampu za usalama zinataka umeme. Kinu kikizima hakijitengenezei wenyewe, kinaomba kwa gridi. Usiku wa 25 Agosti 2023 nchi nzima ilikuwa giza, sote tunakumbuka tulikuwa wapi. Mimi nilikuwa naogesha mjukuu na maji yakakatika pamoja na taa. Usiku kama huo jenereta za dizeli za kinu zinatakiwa ziwake zenyewe ndani ya sekunde kumi au kumi na tano, na ziendelee kwa siku nyingi. Kwa hiyo ni lazima dizeli iwepo, safi, isiyouzwa kwa mlango wa nyuma. Sisemi kuna mtu ataiuza. Nasema nimefanya kazi miaka thelathini hapa mjini na najua tangi la akiba linavyotazamwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa visima. Tarehe 6 Juni 2023, katika vita vya Ukraine, bwawa la Kakhovka lilibomolewa, na kinu cha Zaporizhzhia, kikubwa kuliko vyote Ulaya, kikapoteza ziwa lililokuwa likikijaza. Riakta zake sita zilikuwa zimeshaacha kutoa umeme miezi mingi, makaa yamekwisha choka. Walichofanya ni kuchimba visima 11. Visima! Vinatoa kama mita za ujazo 250 kwa saa, kwa riakta zote sita. Linganisha na zile mita 50 kwa sekunde. Maji ya biashara ni mto. Maji ya kuokoa roho, ukishavuka siku za mwanzo, ni visima kumi na kimoja. Na bado usipokuwa navyo umekwisha.

Mimi si mpinzani wa nyuklia, na shemeji hilo lilimuudhi kidogo. Nilifanya kazi miaka yote ile pembeni ya moshi wa mafuta mazito na sina hamu nao. Riakta za siku hizi baadhi zimewekewa matangi ya maji juu kabisa ya jengo, yateremke kwa uzito wake bila pampu kwa siku tatu, na hiyo ni akili ya mtu anayelijua tangi la juu ya paa, kama kila nyumba ya Mombasa. Ninachokataa ni mkutano wa hadhara ambao wananchi wanagawiwa soda na fulana, wanaambiwa ni salama, wanaambiwa kuna ajira. Salama si neno la kuambiwa. Ni mchoro wa mabomba.

Kwa hiyo nilichukua risiti ya nyuzi zake, nikaigeuza, nikamwandikia maswali ya kwenda nayo wakirudi. Pampu za usalama ziko mita ngapi juu ya bamvua kubwa kuliko zote? Bahari ikirudi nyuma, pua ya bomba iko wapi? Pampu ni nne, sawa, milango ya maji ni mingapi? Jenereta ziko chumba kimoja? Nani anasafisha chujio, na usiku wa sikukuu ni nani? Nikaongeza la konyeza, nikalipigia mstari.

Akaisoma kwa mwanga wa simu, midomo ikicheza, akaikunja akaitia kwenye kofia. Kisha akauliza, kama aliyekumbuka kitu.

"Na pale kwenu kiwandani. Hilo bomba la pili mliliweka?"

Nikamwambia ukweli. Ripoti niliandika. Wakaja mafundi wa nje, wakapima, wakatoboa ukuta wa shimo tayari kwa bomba la pili, upande wa kina. Bomba lilikuwa liletwe mwezi unaofuata. Mpaka naacha kazi, miaka sita baadaye, lile tundu lilikuwa limezibwa kwa gunia.